Plastiki za Tanga: upike mafuta, upige vitofali au uuze kwa kilo?

Kila masika ikishamwaga maji yake mitaro ya Ngamiani inatapika, na kinachotoka karibu chote ni plastiki: chupa za maji, vifuniko, vikopo vya mtindi, pakiti za biskuti, ndala ya mguu mmoja (ya pili sijui huwa inaenda wapi). Na kila mwaka baada ya hapo lazima kuna mtu kwenye kikundi ataleta simu aoneshe video ya jamaa wa nchi fulani kajaza plastiki kwenye pipa, kawasha moto chini, upande wa pili bomba linadondosha mafuta, jamaa anayatia kwenye pikipiki, pikipiki inawaka. Hapo kikao chote kinasahau ajenda. Sisi tunashindwa nini?

Mi ndo nilikuwa mwenye simu mwaka ule. Tukajenga, tukapika, tukatishika, halafu tukajaribu vitofali vya plastiki na mchanga, na muda wote huo kuna kina mama wa kikundi walikuwa wanauza plastiki zao kwa kilo kimya kimya bila mbwembwe. Kwa hiyo naziweka hizi njia 3 ubavu kwa ubavu kwa ajili ya kikundi chochote hapa Tanga, au Muheza, au Pangani huko, kinachotaka kuanza na kina hela ya kujaribu mara moja tu.

Jibu langu nalitoa mapema ili asiye na muda aondoke nalo: anzeni kwa kuuza, ongezeni vitofali, mafuta yaje mwisho kabisa tena sio kwa ajili ya pikipiki. Sasa sababu.

Gunia kwanza, mashine baadaye

Watu wanagombana kuhusu mashine wakati kinachoamua ni kilichomo ndani ya gunia. Geuza chupa au ndoo uangalie chini, kuna kipembetatu chenye namba. 1 ni PET, chupa za maji na soda. 2 ni HDPE, madumu, chupa za shampuu, vifuniko vingi. 3 ni PVC, mabomba, maganda ya waya, ngozi za bandia. 4 ni LDPE, nailoni laini. 5 ni PP, vikopo vya mtindi, ndoo nyingi, viti, salfeti za mchele. 6 ni PS, zile sahani za foma na vijiko vya kutupa. 7 ni mchanganyiko, humo hamna anayejua kuna nini.

Vitu vingi havina namba au imefutika, hapo tunatumia ndoo. Unakata vipande vidogo kama ukucha, unavitia kwenye ndoo ya maji uliyotia sabuni kidogo (bila sabuni vinashikwa na mapovu ya hewa vinakudanganya), unakoroga, unasubiri. Namba 2, 4 na 5 zinaelea. Namba 1 na 3 zinazama, na 6 nayo inazama isipokuwa ikiwa foma. Bibi mmoja kwenye kikundi chetu siku hizi hahitaji ndoo, anakunja kipande sikioni, anasikia mlio wake, anakutajia namba, na sijawahi kumkuta kakosea, ila hiyo sio ya kufundisha mtu kwa kuandika.

Kipande kilichozama unachokishuku ni PVC kina dawa yake. Chukua waya wa shaba, upashe moto mpaka uwe mwekundu, ugusishe kwenye plastiki, urudishe kwenye moto. Moto ukiwa wa kijani, hiyo ni klorini, weka kando usiipike wala usiiyeyushe. Fanya nje na upepo ukiwa mgongoni, ule moshi sio wa kuvuta.

Kwenye kupika mafuta, kinachoelea ndo kinachofaa. PVC ikipata moto inatoa gesi ya tindikali ya hidrokloriki, inakula chuma chako na inakula mapafu yako, na klorini hiyohiyo kwenye moto ndo inazaa dioksini ambazo ni sumu za kukaa mwilini miaka. PET nayo haitoi mafuta ya maana, inatoa unga mweupe unaokwenda kugandia ndani ya bomba mpaka linaziba. Halafu sasa angalia kichekesho chenyewe: gunia la Tanga limejaa nini? Chupa za maji. Yaani kitu kinachojaa zaidi mtaani ndo mafuta hayakitaki, na ndo hichohicho mnunuzi wa kilo anakitafuta kwa tochi. Ukishaliona hili nusu ya ubishi umekwisha.

Na kuna jambo lingine video za nje hazikwambii. Jamaa wengi wa kwenye video wanapika mifuko ya rambo, sisi rambo zilipigwa marufuku nchi nzima tarehe 1 Juni 2019. Nailoni iliyobaki ni ile inayofunga katoni za maji, mifuko ya mkate, nailoni za ndani ya magunia ya sukari na mbolea. Ipo, ila lazima uifuate dukani na maghalani, haikufuati kwenye mtaro kama zamani.

Mafuta: yanavyotoka kweli

Jina la kitaalamu ni pairolisisi. Unafunga plastiki ndani ya chombo kisichoingia hewa unakipasha mpaka kwenye nyuzi 400 hadi 450 hivi. Kwa vile hamna oksijeni haiungui, inakatika katika minyororo yake mirefu inakuwa mvuke, mvuke unapita kwenye bomba lililozama kwenye maji, unapoa unakuwa mafuta. Kuna gesi isiyokubali kuganda, hiyo inatoka mwisho, na ndani ya chombo unabaki mkaa mweusi laini kama masizi. Ni kisayansi kabisa, hamna uchawi wala utapeli, viwanda vikubwa vinafanya.

Sisi tulifanya kwa pipa la lita 200, fundi wa kuchomelea wa Makorora katutobolea kifuniko akaweka bomba, tukaziba kifuniko kwa udongo, chini tukawasha makumbi na vifuu vya nazi. Tukatia madumu na ndoo zilizokatwa, safi kabisa, tumeziosha wenyewe. Saa nzima ya kwanza hamna kitu, watu wakaanza kuondoka. Halafu likatoka tone, rangi ya chai ya rangi, likaingia kwenye chupa, tukapiga makofi kama harusini. Baadaye matone yakawa mazito mazito, yakawa ya njano, mara yakaacha. Tukadhani imekwisha. Kumbe plastiki ya madumu ikipikwa bila kichocheo na bila moto wa kutosha inatoa nta zaidi kuliko mafuta, ile ya mshumaa kabisa, na sisi maji ya kupoozea tulikuwa tumeyatia barafu kwa kujiona wajanja, nta ikagandia humo humo kwenye bomba ikaziba.

Pipa likaanza kulia. Kifuniko kikavimba katikati kama chapati kwenye kaango. Fundi alipiga kelele mara moja tu "rudini!" na nilivyorudi nyuma ndo ule udongo ukapasuka upande mmoja, mvuke ukatoka, ukakutana na moto wa chini, ulimi wa moto kwenda juu urefu wa mtu mzima. Hamna aliyeungua. Udongo ndo uliotuokoa, maana tungekuwa tumechomelea kifuniko kama alivyoshauri mmoja wetu (mi) sidhani kama ningekuwa naandika.

Kwa hiyo nikisema gharama za njia ya mafuta simaanishi pipa. Bati la pipa la kawaida lina unene wa milimita 1 hivi, kwenye moto huo linalainika na kutoboka baada ya mapishi machache. Unahitaji chombo cha chuma nene, bomba pana lisilozibika kirahisi, vali ya kupunguza presha, kipimajoto cha kuingia ndani sio cha kukisia, na chombo cha maji ambacho gesi inapita ikibubujika ili moto wa nje usirudi ndani kwa kupitia bomba. Na unahitaji nidhamu ya kutofungua mpaka kipoe kabisa, maana ukifungua cha moto hewa inaingia inakutana na mvuke, hapo ni bomu.

Sasa hesabu, tuifanye taratibu. Tuseme mmeokota kilo 100 mchanganyiko, mkatoa chupa za PET, mkatoa PVC, mchanga, maji na uchafu, mkabaki na kilo 40 za kupikika, ambayo kwa mtaa wenye chupa nyingi mi naona ni ukarimu. Chombo kizuri kinatoa mafuta asilimia 60 mpaka 70 ya uzito, yaani kilo 24 hadi 28, na kwa vile lita moja ina kama gramu 800, mnapata lita 30 hadi 35. Chombo cha kuungaunga toa hata theluthi hapo. Halafu toa kuni. Ile gesi isiyoganda mkiirudisha chini ya chombo inapunguza kuni sana, lakini ndo inataka mabomba na ufundi zaidi. Halafu gawa kwa siku za watu walioosha, waliokausha, waliokata na waliokesha wanalinda moto.

Na mafuta yenyewe ni ya nini? Hapa ndo watu wanaumia. Kinachotoka ni mchanganyiko, ndani yake kuna sehemu nyepesi kama petroli, ya kati kama dizeli na nzito kama nta, vyote kwenye chupa moja. Shangazi yangu anakaanga bajia jioni kwa jiko la mafuta ya taa, aliposikia tumepata akaja na chupa yake, "nitilie nusu lita baba, si mnayo bure." Nikamnyima na akaninunia wiki. Mafuta ya taa yanatakiwa yasitoe mvuke wa kushika moto chini ya nyuzi 38, haya ya kwetu mvuke wake unaweza kushika moto hata kwenye joto la kawaida la uani kwa sababu ya ile petroli iliyomo. Kwenye jiko la utambi, mbele ya karai la mafuta ya moto, na watoto pembeni. Bora aninunie.

Pikipiki je? Itawaka, video hazidanganyi hapo. Ila mafuta haya ukiyaweka yanabadilika rangi, yanatengeneza utandu kama gundi, kabureta na nozeli ndo zinalipa. Mashine ya dizeli ya silinda moja kama ya kusagia inavumilia zaidi kama mmeyachuja na mmeyapika mara ya pili kutenganisha ya kati, na hiyo mara ya pili ni kazi nyingine ya hatari peke yake. Wavuvi wa Deep Sea waliniuliza kuhusu mashine zao za boti, nikawaambia mashine ikikuzimikia mtaani una fundi, ikikuzimikia huko nje nyuma ya kisiwa cha Toten una nani? Matumizi ya maana mi naona ni kuyachoma kwenye tanuru, tena la jirani, sio kuyasafirisha.

Sheria nayo ipo. Ukishauza kitu kwa jina la dizeli au petroli umeingia kwenye mambo ya EWURA, wadhibiti wa nishati, na viwango vya TBS, na kituo cha kuchoma taka plastiki kinaingia kwenye mambo ya wasimamizi wa mazingira wa taifa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Msianze kabla hamjaenda kuuliza. Na majirani hawangoji sheria: mchana upepo wetu unatoka baharini, usiku unageuka unatoka bara, kwa hiyo wale wanaosema tutapika usiku watu wamelala, moshi na ile harufu vinateremka mjini taratibu vinaingia madirishani.

Vitofali

Hii haina makofi lakini ina wateja. Unayeyusha nailoni na plastiki laini (4 hasa, unaweza kuchanganya na 2 na 5 kidogo), unatia mchanga mkavu uliochekechwa, unakoroga mpaka iwe kama ugali wa dona, unajaza kwenye kibao cha chuma unakandamiza, unatumbukiza kwenye maji. Uwiano wanaoanza nao wengi ni kilo 1 ya plastiki kwa kilo 3 za mchanga.

Kitofali cha kupanga uani cha sentimita 20 kwa 10 kwa 6 kinakuwa na uzito wa kilo 2 hivi, kwa hiyo ndani yake kuna kama nusu kilo ya plastiki. Mita moja ya mraba inakula vitofali 50. Yaani uani wa mita za mraba 20 umemeza nusu tani ya nailoni, na mwenye nyumba kakulipa, na haujamwambia mtu aweke kitu kwenye pikipiki yake. Pale Nairobi, Nzambi Matee alijenga kampuni nzima juu ya wazo hili, na mwaka 2020 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa likamtaja kati ya vijana mabingwa wa dunia. Yeye ana mashine za kukandamiza, nyie mtaanza na nyundo na kibao, vitofali vyenu havitakuwa kama vyake, anzeni na njia za miguu na chini ya mabomba ya maji sio maegesho ya fuso.

Kasoro zake nazisema. Moto ni mdogo kuliko wa mafuta, LDPE inayeyuka kwenye nyuzi 110 hivi na PP 160 na kitu, lakini mkikoleza ikaanza kutoa moshi wa bluu mmeshaanza kupika sumu, na hiki kinatokea kila siku kwa sababu anayekoroga anachoka anataka imalize haraka. Mnahitaji sehemu ya wazi na barakoa za kweli zenye mkaa, kitambaa cha kujifunga puani hakizuii kitu. Kitofali kikija kuchakaa hamna mtu anayeweza kukirudisha kuwa plastiki wala mchanga. Na usijengee jiko, kinashika moto.

Mchanga msichukue ufukweni. Una chumvi, halafu mkikutwa mnauzoa mna kesi nyingine kabisa. Hata plastiki ya ufukweni, ya Sahare na Mwarongo huko, ioshwe maji ya bomba mara mbili, chumvi inaharibu vyombo.

Kuuza kwa kilo

Hapa sina mengi kwa sababu haina mengi. Mzani, magunia, guta la kusombea, sehemu yenye paa. Mnatoa vifuniko na lebo, mnakanyaga chupa zilale, nyeupe zisizo na rangi peke yake kwa sababu zina bei kuliko za kijani, mnakusanya mpaka mzigo uwe wa maana. Ubaya ni kwamba bei sio yenu. Inapangwa na mwenye gari, na mwenye gari anapangiwa na kiwanda cha Dar ambacho kiko kilomita 350 hivi, na kiwanda kinapangiwa na bei ya mafuta duniani, maana plastiki mpya ikiwa rahisi hamna anayehangaika na ya zamani. Kuna miezi wanakuja wawili wanagombania mzigo na kuna miezi unapiga simu haipokelewi, gunia zinakukalia panya wanazaa humo.

Dawa tuliyoipata ni ya kizamani tu: mzani wenu wenyewe. Mnunuzi mmoja alikuwa anakuja na wake na kila mara tulikuwa tunapungukiwa, tuliponunua wetu hakusema kitu, akaanza tu kuja na sura ya msiba. Na mkijikusanya vikundi vitatu vinne mzigo ukawa wa fuso nzima, mnaongea mkiwa mmekaa.

Vifuniko tenganisheni, msivitupe, ni plastiki ngumu safi na ina soko lake. Lamu waliitumia plastiki ya aina hii kuunda jahazi zima, Flipflopi, kwa plastiki tani 10 na ndala 30,000, likasafiri mpaka Zanzibar mwaka 2019. Hiyo ni kazi ya mafundi wa merikebu, naitaja kwa sababu kila nikiona ndala mtaroni naikumbuka.

Sasa uchague nini

Kama mko Ngamiani, Makorora, Mabawa, sehemu za nyumba zilizobanana, njia ya mafuta iondoeni kwenye mazungumzo kabisa, hata kama mtapewa mashine ya msaada bure. Kuuza ndo kunafaa, na kama mna kiwanja cha nje vitofali vifanyieni huko.

Kama mko karibu na maghala na maduka ya jumla mnapata nailoni safi bila kuokota, vitofali vitawalipa kuliko chochote. Hapa ndo mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu (4, 4 na 2), naona una maana, kwa sababu mashine ya kukandamiza unaiona, unaishika, na ikiharibika fundi wa mtaani anaitengeneza. Mkopo wa kununua mtambo wa mafuta ambao fundi wake yuko bara lingine, yakhe, mtaurejesha kwa machozi.

Mafuta nayaachia kikundi cha aina moja tu: kiko nje ya mji, kina tanuru lake au jirani yake ana tanuru linalotumia kuni nyingi, kina fundi wa kweli wa mitambo sio wa mageti, kimeshapata kibali, na kimeshafanya kuuza na vitofali angalau mwaka mzima kikajua kwa mzani ni kilo ngapi kwa mwezi zinabaki ambazo mnunuzi hazitaki na kitofali hakizitaki. Sisi tulipopima za kwetu zilikuwa salfeti mbovu, vikopo vilivyopasuka na viti vilivyovunjika, magunia manne kwa mwezi, mwezi mwingine matatu. Kwa magunia manne huwashi moto wa nyuzi 400.

Pipa letu bado lipo. Fundi alitaka kulikata atengeneze majiko, bibi wa kusikiliza plastiki kakataa, kalitoboa chini kaweka bomba la kutolea maji, ndo tunaloshea vifuniko.